Benchi la Mlima na Benchi la Mwitu

Mwezi uliopita nilishuka Mubi kuuza maharagwe, mvua ikanifungia njia. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Malori yalikuwa yamezama kwenye matope, vijana wa pikipiki wamejibana chini ya mabati, nami nikaingia katika baa ya mfanyabiashara mmoja wa kutoka upande wa Butembo, kwa sababu tu paa lake lilikuwa halivuji. Nikaomba chai. Mama wa baa alinitazama kama mtu aliyekosea mlango, lakini aliileta, na sukari akaongeza bila kuulizwa.

Nikakuta wako katika mashindano ya maswali. Meza ya madereva wa malori upande huu, meza ya vijana wa pikipiki upande ule, na katikati kijana mwenye simu, anasoma. Mji mkuu wa nchi fulani. Sayari iliyo karibu zaidi na jua. Mnyama mwenye shingo ndefu kuliko wote. Watakaoshinda watapewa kreti ya bia. Dereva mmoja mwenye koti la ngozi alijibu lile la sayari, akajibu sawasawa, na meza yake ikapiga makofi.

Mimi nilibaki na kikombe mkononi, ninasubiri. Sikufahamu mara moja nasubiri nini. Likasomwa swali jingine, na jingine tena, ndipo nikajitambua. Nilikuwa nasubiri mtu amgeukie yule dereva amuulize: "Nani alikuambiaka?"

Hakuna aliyemuuliza. Alijibu, wakapiga makofi, wakaendelea. Moyo wangu ukarudi Kashuga bila kuniomba ruhusa.

Kaa nami kidogo, rafiki, mvua hii ya leo haina haraka na mimi siwezi kuieleza habari hii kwa mbio. Yale niliyoyaona mwenyewe nitakwambia niliyaona. Yale niliyoambiwa nitakwambia nani aliniambia. Ndivyo nilivyolelewa.

Nilikulia Kashuga kwa nyanya yangu, mama yake baba. Mama alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwamba alikuwa mrefu na alipenda kucheka peke yake shambani, hayo niliambiwa na nyanya. Nyanya alikuwa mtengenezaji wa kasiksi, pombe ya ndizi. Ndizi zilifukiwa shimoni, zikafunikwa majani ya mgomba, moshi ukapitishwa ndani kutoka pembeni, zikakaa humo mpaka zikaiva na kulainika. Kisha tulizimenya, tukazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, tukasukuma na kusukuma mpaka juisi ikatoka. Nyanya akachanganya na mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika, na hapo akatukataza kupiga kelele karibu, eti pombe nayo inahitaji usingizi. Kesho yake nilikuwa nalaza sikio kwenye mtungi. Ungeisikia ikichemka bila moto, polepole, kama mtu anayenung'unika chini ya blanketi.

Kazi yangu ilikuwa kumenya na kukata nyasi. Utomvu wa ndizi ulitia vidole vyangu weusi ambao sabuni haikuuweza. Shuleni mwalimu aliangalia mikono yetu akajua nani kwao wanakamua wiki hiyo. Na nyumba nzima ilinuka: utamu uliochacha kidogo, moshi wa mkaratusi, na matope ya watu wanaoingia na mabuti.

Mahali pa kunywea palikuwa banda la mbao lililopakana na jiko letu. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na katikati, karibu na mtungi, kigoda cha nyanya. Benchi moja liliitwa la mlima. Hapo walikaa wale wanaotoka juu kwenye malisho, watu wa ng'ombe na jibini. Lingine liliitwa benchi la mwitu, kwa ajili ya watu wa mashamba, na wale ambao njia zao zilikuwa za kushuka Walikale, msituni. Nyanya hakuandika sheria hiyo popote. Mtu aliingia, akakaa kwa wale aliotembea nao.

Mashindano yaliletwa na mwalimu wetu wa darasa la tano. Vita vilikuwa vimeanza kuifunga shule mara kwa mara. Milio ilisikika juu ya vilima, wazazi walituzuia nyumbani, na mwalimu akabaki na maswali yake yaliyokosa wanafunzi. Basi Jumapili mchana aliyabeba akaja nayo kwa nyanya. Aliuliza watu wazima yale aliyokuwa atuulize sisi. Mto gani duniani unakatiza ikweta mara mbili? Jua linaizunguka dunia ao dunia inalizunguka jua? Popo ni ndege? Wanaume waliokuwa wanabishana juu ya mipaka ya mashamba wakaanza kubishana juu ya popo.

Benchi lililoshinda ndilo lilitia mirija ya kwanza mtungini. Benchi lililoshindwa lilikwenda kisimani kuchota maji ya nyanya. Utaelewa kwa nini nilipenda Jumapili: siku nyingine zote maji hayo yalikuwa yangu. Nilikaa kwenye mkeka chini karibu na nyanya, nikawaona wanaume wenye ndevu wakipanda kilima na bidoni za maji kichwani, wanateleza, na wake zao wamesimama milangoni wakiwapigia vigelegele vya dhihaka. Mke mmoja alimwambia mumewe kwamba sasa amemuona, na kuanzia kesho hana tena maumivu ya mgongo.

Lakini kulikuwa na sharti moja, na hili lilikuwa la nyanya mwenyewe. Jibu peke yake halikuhesabiwa. Ukishajibu, nyanya alikugeukia na kukuuliza, "Nani alikuambiaka?" Nawe ulipaswa kumtaja aliyekufundisha. Baba yako, mwalimu wako, mwanamke uliyekutana naye njiani, radio ya jirani, yeyote. Ukimtaja, watu wa mabenchi yote mawili waliitikia pamoja, "Aikale," yaani akae, apewe nafasi. Na benchi lako lilisogea, kweli lilisogea, kila mtu akijivuta kidogo mpaka nafasi ya mtu mmoja ikaonekana, kama vile huyo uliyemtaja ameingia mlangoni na anatafuta pa kuketi. Awe hai ao amekufa, alisogelewa. Mwisho wa mchana watu waliokaa ukingoni mwa benchi walikuwa wamebaki na nusu ya tako hewani, na hao ndio walitukanwa kwa furaha: mmewajua watu wengi mno, angukeni sasa.

Asiyeweza kumtaja aliyemfundisha, jibu lake lilianguka, hata kama lilikuwa la kweli. Mwalimu alilalamika mwanzoni. Alisema ukweli ni ukweli. Nyanya akamwambia, "Mwalimu, kwako shuleni sawa. Hapa kwangu, neno inaingia na mwenyewe." Shangazi alinieleza baadaye kwa nini. Nyanya alipokuwa msichana, nyumba ya wajomba zake iliunguzwa kwa ajili ya neno lililozunguka kijijini, na majivu yalipopoa kila mtu alisema aliambiwa, na hakuna aliyejua aliambiwa na nani.

Baba yangu alikuwa shujaa wa benchi la mwitu. Hakusoma sana, lakini kabla vita havijafunga njia alikuwa akibeba chumvi, sabuni na vitenge kwa mguu mpaka Pinga na kushuka mwituni, na kila alipolala alirudi na jambo. Akijibu, alimtaja mpishi wa misioni, mchimbaji, bibi arusi mmoja, mtu aliyekuwa amefungwa gerezani. Benchi lake ndilo lililokuwa likiangusha watu.

Shujaa wa benchi la mlima alikuwa jirani yetu wa ng'ombe. Watoto tulimwita Papa Maziwa. Alikuwa mwembamba, fimbo begani, kofia ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa isipokuwa kanisani. Kila asubuhi alipita na chupa ya maziwa, na Jumapili alileta kibuyu cha maziwa yaliyoganda kwa ajili ya wasiokunywa pombe, ndio mimi. Baba naye hakurudi safarini bila kipande cha chumvi kwa ajili ya ng'ombe wake. Walitaniana kila siku, na hawakuwahi, kwa kadiri nilivyoona, kuagana vibaya.

Siku moja mwalimu aliuliza: "Ng'ombe ana matumbo mangapi?"

Benchi la mwitu likajibu moja, kama kila mtu.

Papa Maziwa akatikisa kichwa. "Iko na ine," alisema, yaani manne.

"Ine?" baba akasema. "Njo maana ile yako ilimaliza mahindi yangu yote, na ilikuwa peke yake."

Watu walicheka mpaka mwalimu akashindwa kuendelea. Ng'ombe na mahindi halikuwa jambo la kucheka mahali petu, wewe unajua. Watu walikwisha kuumizana kwa ajili ya hilo. Lakini humo ndani walicheka, na mwenye mahindi ndiye aliyeanza.

Nyanya akamgeukia Papa Maziwa. "Nani alikuambiaka?"

"Papa yangu. Na yeye aliambiwaka na kisu."

"Papa yako aikale," nyanya alisema. "Kisu ibakie inje."

Benchi la mwitu halikukubali. Wakabishana wiki nyingi, mpaka Noeli, siku Papa Maziwa alipochinja. Akatuita sote. Alilitandaza tumbo juu ya majani ya mgomba, akalipasua chumba kwa chumba, akaniita mimi mtoto niguse ili nisije nikaambiwa uongo nikiwa mkubwa. Nakumbuka kwa vidole. Chumba cha kwanza kilikuwa kama taulo lililolowa. Cha pili kama sega la nyuki. Cha tatu kama kurasa za kitabu zilizobanana. Cha nne kilikuwa laini, kinateleza. Baba alisimama, akakuna kidevu, akaenda kuchukua bidoni bila kuambiwa. Alipanda nayo kilima peke yake, anaimba wimbo wa kanisa, na Papa Maziwa alimfuata nyuma akimpigia mluzi wa kuswaga ng'ombe.

Ukiniuliza utoto wangu ulikuwa nini, nitakwambia ni siku hiyo.

Halafu vita vilisogea. Sitaki kukueleza habari za makundi na majina yao. Wengine wanazijua kuliko mimi. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Karibu na kanisa yalitokea mahema ya mabati mabovu na majani, watu wa vijiji vingine wakaja na magodoro vichwani. Jogoo wakapungua, kwa sababu walifichua nyumba. Tulijifunza kupika bila moshi mwingi. Barabara kubwa ikawa na vizuizi, na njia ndogo, zile za baba, zikawa kitu ambacho watu hawakukitaja kwa sauti.

Lakini Jumapili mashindano yalifanyika. Nadhani yalifanyika zaidi. Mabenchi yalijaa. Mtu aliyekimbia Jumanne alikuja Jumapili kujibu swali kuhusu mwezi, akamtaja kaka yake aliyezikwa njiani, na wote wakaitikia aikale, wakasogea. Nyanya alisema hapo ndipo alipoona matumizi ya sharti lake.

Jumapili moja ya mvua akaingia mgeni. Alisema ananunua mbuzi. Alikuwa na adabu, alivua kofia, alileta mtungi wa kasiksi kutoka kwa jirani ili asinywe bure. Alikaa benchi la mlima, kisha baadaye kidogo akahamia benchi la mwitu, na watu walicheka, wakasema huyu ametembea na wote. Desturi ilikuwa mgeni anapewa nafasi ya kuuliza swali lake. Alisikiliza kwanza wengine wanavyofanya. Ilipofika zamu yake akasema swali lake si la vitabu.

Alisema yeye anaamini hakuna njia ya kwenda Pinga wakati wa mvua bila kupita barabara kubwa. Mto unajaa, haupitiki. Alikwisha kuuliza vijiji vingine, hakuna mtu anayejua. Akatabasamu. Alisema labda hata hapa, pamoja na akili zote hizi, hakuna.

Ule ulikuwa uchokozi, na mabenchi yote mawili yaliudhika. Baba alinyamaza. Nilidhani anatafuta jibu. Sasa najua alikuwa nalo. Sijui kwa nini hakulisema, na aliye na haki ya kukueleza hayupo. Papa Maziwa alisubiri, akaona benchi la mwitu halijibu, akasimama.

"Iko," alisema. "Unapanda juu ya maporomoko. Kuko jiwe pana chini ya maji. Hata mvua ikinyesha namna gani, ng'ombe wanapita, muntu anapita."

Nyanya alikuwa akimimina pombe mtungini. Kabla hajafungua mdomo, mgeni mwenyewe aliuliza, kwa upole sana:

"Na nani alikuambiaka?"

Papa Maziwa angeweza kujitaja yeye mwenyewe. Angeweza kumtaja marehemu baba yake. Alikuwa amevusha ng'ombe pale mara nyingi. Lakini jiwe lile alionyeshwa na baba yangu, na alikuwa mtu wa kutoa heshima yote, hata kwa benchi la wapinzani. Akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo, uso wake unang'aa.

"Yeye njo alinionyeshaka. Yule."

Na sote, benchi hili na lile, tuliitikia, "Aikale," kisha tukacheka kwa nguvu, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kukaa. Benchi la mwitu likamsogelea kwa mzaha. Baba alicheka pia. Ningependa kukwambia kwamba nyanya alishtuka, pombe ikamwagika. Hakushtuka. Alicheka kama sisi. Mgeni alicheka, akavuta mrija mara ya mwisho, akashukuru, akaondoka wakati mvua ilipopungua. Mbuzi hakununua.

Wiki hiyo, asubuhi, watu wenye bunduki walisimama uani kwetu. Niliwaona. Nilikuwa namenya ndizi. Hawakupiga mtu. Mmoja wao aliuliza yuko wapi anayefundisha watu njia ya Pinga, aliuliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Baba alitoka ndani akiwa anafunga mkanda. Nyanya aliingia katikati, wakamsogeza pembeni kama unavyosogeza kiti.

"Mama, acha," baba alisema. "Naonyesha kivuko tu, nageuka."

Alichukua koti lake la mvua. Aliniangalia mikono, akaniambia nimenye zile zilizolainika kwanza. Ndilo neno lake la mwisho kwangu, na kwa miaka mingi nimelilaumu kwa udogo wake, lakini ndilo, sina jingine.

Hakugeuka, hakurudi tena. Mwanamke mmoja aliyetoka Pinga alimwambia shangazi kwamba aliona kundi likivuka pale maporomokoni na mtu mwenye koti la mvua mbele. Mwenye pikipiki mmoja alisema alisikia kuna mtu alizikwa karibu na jiwe. Nilipokuwa mkubwa nilimtafuta, nikamuuliza yeye alisikia kwa nani. Hakumbuki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, mimi nilimuona. Kwa hiyo sina kaburi, na sina hata jibu linalohesabiwa.

Ile Jumapili iliyofuata watu walikuja wengi, lakini mwalimu hakuuliza swali. Walikaa, wakashika mirija bila kunywa. Neno lilikuwa limekwisha kuzunguka kijiji kizima na mahema yote: Papa Maziwa amemuuzisha rafiki yake. Kwamba yeye na yule mgeni walikuwa wamepatana. Kwamba watu wa ng'ombe wote ni namna hiyo. Vijana wawili wa benchi la mwitu walikuja na panga, wakaziweka chini ya miguu yao, hawakuzificha.

Papa Maziwa akaja. Hakuna aliyefikiri angekuja. Alisimama mlangoni na kibuyu chake cha maziwa yaliyoganda, mvua inamtiririka, kofia mkononi. Ndiyo mara ya kwanza kukiona kichwa chake nje ya kanisa. Kilikuwa na mvi nyingi.

"Mama," alimwambia nyanya, "nilitaja yeye kwa heshima."

Nyanya alikuwa kwenye kigoda chake. Alikuwa hajala tangu siku ile. Kijana mmoja alisema kwa sauti kwamba heshima gani, mtu ameuza mtu.

Nyanya alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Nani alikuambiaka?"

Kijana alisema kila mtu anajua.

"Kila muntu haikalake hapa. Nani alikuambiaka kama huyu alimuuzisha mutoto wangu? Taja yeye, tumusogelee."

Kijana akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama chini. Nyanya akalipitia benchi zima, mtu kwa mtu, akiwauliza neno lile lile, na kila mmoja aliyeulizwa alikuwa ameambiwa na watu, na watu hao hawakuwa na jina. Alipofika mwisho alisema kwamba basi neno hilo limeanguka, kama majibu mengine yalivyoanguka humu. Yeye ndiye aliyezaa. Kama kuna mtu wa kumchukia huyu, ni yeye, na yeye hajaambiwa sababu na mtu yeyote.

Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Aikale," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Sauti ya nyanya ilibaki peke yake humo ndani, na mvua juu ya mabati. Benchi la mwitu halikusogea. Benchi la mlima nalo, watu wake mwenyewe, halikusogea, kwa kuwa waliogopa. Siwahukumu, panga zilikuwa pale pale. Mwalimu alikuwa akitazama mikono yake. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka. Sikuwa na benchi la kusogea.

Nyanya aliinuka akampisha kigoda chake. Papa Maziwa alikitazama kigoda kile muda mrefu. Kisha alikuja mpaka katikati, akaweka kibuyu cha maziwa mbele yangu, akarudi alikotoka. Panga hazikuinuliwa. Hilo nyanya alilishinda. Lakini Papa Maziwa hakukaa.

Wakahama kabla ya mwisho wa mwezi, na ng'ombe waliobaki. Wengine walisema wako upande wa Goma, wengine walisema ng'ombe walinyang'anywa njiani na yeye akafa kwa huzuni. Sijui. Sikupata mtu wa kumtaja.

Mashindano hayakufanyika tena. Watu walikuja kunywa, wakanywa, wakaondoka, na wakajifunza jambo jipya: ukiulizwa umejuaje kitu, unasema nimesikia tu. Ndiyo namna salama ya kuongea. Mtoto mdogo kabisa aliijua. Nilipokuwa na umri wa kuolewa hakuna aliyejua kitu kutoka kwa mtu yeyote. Kisha na sisi tulikimbia, nyanya akafia kambini akiwa ameshika mkono wangu, na mtumbwi wa kukamulia, nilisikia kwa shangazi aliyepita pale, watu waliupasua kuni.

Nimefikiri sana juu ya yule mnunuzi wa mbuzi. Ungedhani ningekwambia moja kwa moja kwamba ndiye aliyewaleta. Pengine ndiye. Lakini nani aliniambia? Hakuna. Naliona tu, kama vile wale vijana walivyoliona lao. Kwa hiyo na hilo naliacha lianguke, ingawa linanitoka mikononi kwa shida.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale Mubi, chai imepoa, mvua bado. Meza ya madereva na meza ya pikipiki walikuwa wamelingana. Kijana mwenye simu akasema hili ndilo la kumaliza, atakayelipata anachukua kreti. Akasoma:

"Tumbo la ng'ombe liko na vyumba vingapi?"

Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Akasoma tena. Dereva mwenye koti la ngozi alisema kimoja. Kijana wa pikipiki alisema viwili, kimoja cha majani na kimoja cha maji, na wenzake wakamsifu kwa kubuni vizuri. Wakabishana. Mmoja alisema yeye ng'ombe anamjua kwa sahani tu.

"Vine," nilisema kutoka pembeni.

Waligeuka wote. Kijana akatazama simu. "Mama amepata," alisema. "Vine, kweli. Sasa Mama, uko meza gani, tujue kreti inaenda wapi?"

Ningeweza kusema yoyote, na wangenipenda. Lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufuata njia yake ya zamani.

"Niliambiwa na Papa Maziwa," nilisema. "Wa Kashuga. Yeye na rafiki yake, papa yangu, waligombania jambo hilo mpaka Noeli."

Kijana yule alitabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mzazi wa mtu.

"Mama, hiyo hatukuuliza," alisema.

"Najua," nilimwambia.

Wakaamua kugawana kreti, meza zote mbili, na kelele zikarudi, chupa zikafunguliwa, mtu akawasha muziki. Walinisahau, na ilikuwa haki yao. Ni vijana, na mvua ilikuwa inapungua. Mimi nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye benchi refu la mbao, karibu na ukuta. Sasa nilikuwa na benchi.

"Aikale," nilisema, chinichini. Nikajivuta, nikasogea mpaka bega langu likagusa ukuta.